Toronto: pa kula na pa kwenda kwa sisi wa Afrika Mashariki

Mtu akifika Toronto swali la kwanza kwenye grupu la WhatsApp huwa ni hilohilo, "jamani mgahawa wa Kiswahili uko wapi?", na mimi niliuliza hivohivo, nimekaa ghorofa ya kumi na nne, nje theluji, ndani mkate na mayai siku ya sita mfululizo. Majibu yalinivunja moyo. Sehemu moja ilishafungwa, nyingine wanapika kwa oda tu, nyingine ni dada anapikia nyumbani kwake huko Brampton na lazima umwambie siku mbili kabla. Ikanichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba swali lenyewe nilikuwa naliuliza vibaya. Chakula chetu hapa kipo, tena kipo kingi, ila kimekaa ndani ya vyakula vya wenzetu, kwenye menyu zenye majina ya nchi nyingine, na ukijua pa kuchungulia utakula muhogo, mbaazi, mishkaki, mchicha na wali wa nazi bila kuona neno Tanzania wala Kenya mlangoni.

Mji wenyewe ndo ulivyo. Sensa ya 2021 ilihesabu watu karibu milioni 2.8 ndani ya Toronto, na asilimia 46.6 kati yao ni wahamiaji, yaani karibu kila wa pili unayekaa naye kwenye basi naye alishawahi kuwa mgeni kama wewe na naye alishatafuta chakula cha kwao akiwa na baridi miguuni. Kwahiyo usione aibu kuuliza. Watu hapa wanapenda kuulizwa kuhusu chakula kuliko kitu kingine chochote.

Anza na Danforth, mimi kila mgeni ninayempokea namwanzishia hapo. Panda treni ya chini ya Line 2, shuka Greenwood, tembea kuelekea mashariki mpaka Coxwell na upite kidogo, hapo utakuta migahawa ya Wahabeshi imepangana, Waethiopia na Waeritrea, ndo maana watu wanapaita Little Ethiopia. Kama hujawahi kula injera, ule mkate wao mwembamba wa kuchachusha, usiogope ule uchachu, kwa mtu aliyezoea togwa au uji wa kuchachusha ulimi unakubali haraka. Agiza shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, ni wa bei nafuu na unashibisha kweli, alafu siku nyingine ndo ujaribu tibs za nyama. Jumatano na Ijumaa ndo siku za kufunga za Waorthodoksi, hawali nyama wala maziwa, kwahiyo siku hizo sinia la mboga mchanganyiko wanaloliita beyaynetu linakuwa limepikwa kwa moyo wote, na sinia moja watu wawili mnashiba. Mwenye tatizo la ngano aulize kwanza, maana injera nyingi za huku zinachanganywa na unga wa ngano au shayiri, ya teff tupu, ile nafaka yao ya asili, mara nyingi lazima uombe mapema. Na wanaokula halali waulize pia, usidhani tu, kwasababu migahawa mingi ya hapo ni ya Wakristo ingawa nguruwe hawagusi kabisa. Ukitaka uhakika, kutoka Greenwood rudi nyuma stesheni moja mpaka Donlands, msikiti wa Madinah Masjid uko hatua chache tu kutoka stesheni na maeneo yake yana vyakula vya halali.

Ila kitu ambacho nakuomba usikikose pale Danforth ni kahawa. Siyo ile ya kubeba kwenye kikombe cha karatasi. Uliza kama siku hiyo wanafanya ile ya kienyeji, mara nyingi ni wikendi, alafu ukae usiwe na haraka. Mara yangu ya kwanza mama mmoja alikuja na kikaango kidogo, buni bado zinatoa moshi, akanipitishia chini ya pua ninuse, akaenda mezani kwa wengine nao wanuse, ndo akarudi kusaga. Buli la udongo jeusi, ubani pembeni, bisi kwenye bakuli. Unapewa vikombe vitatu, cha kwanza wanakiita abol, cha pili tona, na cha tatu, ambacho kinakuwa chepesi kabisa, wanakiita baraka. Nilimuuliza baraka maana yake nini, akanitazama kama mtoto, akasema baraka ni baraka. Nikamwambia na kwetu ni hivohivo. Tangu siku hiyo nikiingia hata menyu siletewi.

Na hilo ndo jambo ningependa kila mgeni alishike mapema, chagua sehemu moja uende mara kwa mara mpaka wakujue uso. Huu mji ni mkubwa na winta inafunga watu ndani kuanzia Novemba mpaka Machi, unaweza kukaa wiki nzima hujaitwa jina lako na mtu yeyote nje ya kazi. Mgahawa mmoja ambako wakikuona wanasema "leo umechelewa" unakusaidia kuliko watu wanavyodhani, mi nimeona wenzangu waliokuwa wanajifungia wakabadilika kwa kitu kidogo kama hicho.

Upande wa magharibi kabisa, karibu na uwanja wa ndege, kuna Dixon Road na Rexdale, huko ndo kwa ndugu zetu Wasomali, walianza kuja kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90 vita vilipoanza, wakajaa kwenye yale maghorofa ya Dixon mpaka watu wakaanza kupaita Little Mogadishu. Basi la 52 kutoka stesheni ya Lawrence West linapita hukohuko. Kwa mtu wa Mombasa, Nairobi au Tanga hii ndo sehemu utahisi umefika nyumbani bila maelezo: wali wenye viungo na nyama ya mbuzi juu yake, ndizi mbivu pembeni, sambusa, anjera asubuhi, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Ile ndizi ni ya kula pamoja na wali, siyo ya mwisho kama tunda, unakata kipande unachanganya kwenye tonge. Sahani zao ni kubwa mno kwahiyo usiagize sahani kila mtu, agizeni moja watu wawili muone kwanza. Na wahudumu wengi waliwahi kuishi Eastleigh au Mombasa kabla ya kuja huku, jaribu tu kusema "mambo vipi" uone sura inavyobadilika. Chai wakati mwingine haitaandikwa hata kwenye bili.

Sasa sehemu ambayo wengi wetu tunaipita bila kujua. Ni Don Mills, Flemingdon Park na Thorncliffe Park, na pia huko Scarborough, kuna migahawa na vioski vya Wahindi wa kwetu. Nasema wa kwetu nikimaanisha hivyohivyo. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 maelfu yao walipokelewa Kanada, na kutoka Tanzania na Kenya wengine wakafuata miaka hiyohiyo, wengi wao Waismaili, wakabeba jiko la Afrika Mashariki kama lilivyo. Soma menyu zao taratibu utaona Kiswahili kimekaa pale kama kawaida: mogo, ambayo ni muhogo wetu, wa kukaanga na pilipili na ndimu, mishkaki, kuku paka wa nazi, kachumbari, matoke, mandazi. Hata karanga wengi wao bado wanaziita jugu.

Siku moja nimesimama kwenye foleni ya sehemu ndogo tu, meza nne, nikamwambia binti wa kaunta naomba mogo. Mzee aliyekuwa mbele yangu, sweta la kijivu, fimbo mkononi, akageuka akasema kwa Kiswahili safi, "Muhogo, kijana. Sema muhogo." Nikasema shikamoo mzee. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, alafu akajibu "marahaba mwanangu". Kumbe ni mtu wa Mwanza, aliondoka miaka ya 70 mwanzoni. Akaniuliza kama pale Mwaloni Kirumba bado wanauza sato asubuhi. Tulikula meza moja, alinikatalia kabisa kulipa, akanionyesha kwamba pilipili ya kukaanga huwa hawaiweki mpaka uiombe. Nimeandika hili kwasababu kuna watu wamekaa mji huu miaka kumi wanalalamika hakuna mtu wa kuongea naye Kiswahili, na wazee kama hawa wako pale kila Jumamosi mchana, na hawatakuwepo milele.

Kwa wale wanaopika wenyewe, dawa ni maduka ya Wakaribi, hasa maeneo ya Eglinton West panapoitwa Little Jamaica, na Kensington Market pale katikati ya mji, ukishuka Spadina. Shida kubwa ni majina. Callaloo ya Mjamaika ni mchicha, utaupata mbichi wakati wa joto na wa kopo mwaka mzima ila wa kopo una chumvi, uoshe. Gungo peas ni mbaazi. Scotch bonnet ina harufu ileile ya pilipili mbuzi. Dasheen ni magimbi. Sorrel yao ya Krismasi ni ile rozela tunayotengenezea juisi nyekundu. Na kama una hamu ya wali wa nazi na maharage na huna nguvu ya kupika, ingia mgahawa wowote wa Kijamaika uagize rice and peas, wanapika kwa tui, funga macho uko Pangani. Mihogo ya barafu iliyomenywa inapatikana kwenye maduka ya Wahindi, pakiti zingine zimeandikwa mogo waziwazi, na nazi iliyokunwa ya barafu nunua kwa Watamil Scarborough, ni nzuri kuliko ya kopo. Unga wa ugali tafuta mahindi meupe yaliyosagwa laini, soma pakiti vizuri maana wa njano umejaa kila mahali na ukikosea utapata kitu kingine kabisa kwenye sufuria. Kensington nenda Jumapili ya mwisho wa mwezi, kati ya Mei na Oktoba wanafunga barabara kwa magari na watu wanapiga ngoma mtaani. Na ukiwa na njaa safarini, ndani ya baadhi ya stesheni kama Bathurst na Warden wanauza patty za Kijamaika za moto, sambusa ya binamu zetu.

Nije kwenye pesa kwasababu hapa ndo watu wanaumia. Bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa. Ontario kuna kodi ya HST asilimia 13 inaongezwa mwisho, isipokuwa chakula kilichopikwa cha jumla isiyozidi dola 4 ambacho unalipa asilimia 5 tu, ndo maana patty moja peke yake inakuwa nafuu kuliko ulivyotegemea. Juu ya hapo kuna bahshishi. Ukikaa mezani ukahudumiwa, watu wanategemea asilimia 15 mpaka 20, na ile mashine ya kadi itakuletea asilimia ilizopanga yenyewe, mara nyingi imepiga hesabu juu ya bei pamoja na kodi, una haki ya kubonyeza sehemu ya kuandika kiasi chako mwenyewe. Ukichukua chakula kwenda nacho nyumbani hulazimiki kutoa kitu, ukitoa dola moja mbili ni wema wako. Mimi niliwahi kwenda na wenzangu, tulikuwa saba, birthday ya mtoto, bili ikaja tayari imeongezwa asilimia 18 kwa maandishi madogo kwasababu ya ukubwa wa kundi, hatukusoma, tukaweka tena 15 kwenye mashine. Sikupata usingizi kwa hiyo hela. Kwahiyo mkizidi watu watano sita soma risiti mstari kwa mstari kabla ya kutoa kadi. Maji omba ya bomba, ni bure na ni salama, ukisema maji tu baadhi ya sehemu watakuletea chupa ya kulipia. Na chakula kikibaki omba kasha ubebe, hakuna anayekushangaa.

Angalia pia karatasi ya mlangoni. Kila mgahawa Toronto unakaguliwa na idara ya afya ya mji na lazima ubandike matokeo karibu na mlango, mfumo unaitwa DineSafe na upo tangu 2001. Kijani maana yake wamepita, njano wamepita kwa masharti na kuna vitu wanatakiwa kurekebisha, nyekundu pamefungwa. Usiidharau sehemu kwasababu viti vimechanika, sehemu nyingi nzuri za kwetu viti vimechanika, dharau kama karatasi hauioni.

Usafiri siyo shida. Nauli ya TTC, shirika la mabasi na treni za mji, kwa mtu mzima kwa kadi ya PRESTO ni dola 3.30, na tangu 2023 unaweza kugusisha kadi ya benki au simu, na ile nauli inakubeba masaa mawili hata ukishuka ukapanda tena, hata ukirudi ulikotoka. Ukijipanga unaweza kwenda Danforth, ukanunua injera, ukarudi kwa nauli moja. Watoto mpaka miaka 12 hawalipi.

Sasa tumbo limeshiba, roho je? Watu wengi wanadhani majumba ya makumbusho na muziki ni ya wenye hela, na kwa bei za mlangoni ni kweli familia ya watu wanne inaumia. Lakini kuna milango ya pembeni. Wa kwanza ni maktaba. Toronto Public Library ina matawi 100, kadi ni bure kwa anayeishi, anayefanya kazi au anayesoma ndani ya mji, na kwa kadi hiyo unaweza kuchukua pasi za kuingia makumbusho na vivutio vingine, zinagombaniwa kwahiyo wahi. Matawi mengi yana vikao vya kuongea Kiingereza na shughuli za watoto bila kulipa, winta ikikaza hapo ndo pa kumpeleka mtoto asikae na simu. Mlango wa pili ni programu ya simu inaitwa Canoo, ya Institute for Canadian Citizenship, kama umepata ukaazi wa kudumu hivi karibuni au uraia mpya unajisajili na unaingia sehemu nyingi za utamaduni nchi nzima bure. Nilijua mwaka wa tatu, na inaniuma, ndo maana nakuambia mwaka wako wa kwanza. Alafu Art Gallery of Ontario, pale Dundas, vijana wanaoishi Ontario walio chini ya miaka 25 wanaingia bure.

Kwa muziki, weka Afrofest, tamasha la muziki wa Kiafrika, kwenye kalenda. Ipo tangu 1989, wanafanya Julai kwenye bustani ya Woodbine upande wa mashariki karibu na ziwa, bila kiingilio, na ndo siku utakayokutana na nusu ya watu uliopotezana nao, nyama choma inanukia mpaka barabarani, nenda na mkeka na mwavuli wa jua na maji. Batuki Music Society nao huandaa shoo za wanamuziki wa Kiafrika mwaka mzima, ndogondogo, unakaa karibu na jukwaa kabisa. Wikendi ya kwanza ya Agosti kuna Caribana, kanivali ya Wakaribi, ilianza 1967, siyo yetu lakini ngoma ikipigwa miguu haiulizi pasi. Na mwishoni mwa Mei kuna Doors Open, wikendi ambayo majengo mengi ya mji yanafunguliwa watu waingie bure, sisi tulizungukia matatu kwa siku moja na watoto hawajasahau. Ukitaka historia ya watu weusi wa hapa nenda Blackhurst Cultural Centre pale Bathurst, karibu na Bloor, uingie na duka la vitabu la A Different Booklist, waulize maswali, wana subira.

Ukiniuliza nianzie wapi wiki hii hii, nakujibu Jumatano. Kuna Aga Khan Museum, barabara ya Wynford, ilifunguliwa 2014, jengo jeupe limetulia na mbele yake madimbwi ya maji yaliyopangwa, na Jumatano jioni, saa kumi mpaka saa mbili usiku, wamekuwa wakiruhusu watu kuingia bure, hakikisha ratiba kabla hujatoka kwasababu huwa inabadilika. Ndani utaona kurasa za misahafu ya zamani, vyombo vya kauri, mazulia, vitu vya ulimwengu ambao majahazi yetu ya pwani yalifanya nao biashara karne nyingi, kwa mtu aliyekulia Lamu, Unguja au Bagamoyo hutahisi mgeni hata kidogo. Tembea taratibu, toka kabla giza halijakolea, Flemingdon na Thorncliffe ziko jirani tu. Tafuta sehemu yenye mogo kwenye menyu. Sema muhogo. Na ile pilipili ya kukaanga uiombe, hawaiweki mpaka uombe.